Mtarakwa Uliolala Chumba cha Mafaili

Riyadh, Jumamosi, 23 Novemba 2024

Shangazi Lydia,

Naanza na salamu, maana najua barua isiyo na salamu unaikunja na kuiweka chini ya sinia la vitunguu. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, goti tu ndilo linalomkumbusha umri. Amechimba viazi vyote kabla mvua haijaviozesha. Dada Maureen amejifungua mtoto wa kike. Mama anasema Maureen hakulia hata mara moja, ingawa Mama mwenyewe hakuwepo.

Anauliza pia kama utakuja Aprili. Familia imeamua kulijengea kaburi la babu, na wanasema jiwe la kwanza haliwezi kuwekwa na mtu mwingine wakati binti yake mkubwa yu hai. Nimefikisha ujumbe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu. Sababu yako unaijua: Madam anakupa simu Ijumaa tu, tena akiwa ameketi karibu. Yangu ni kwamba tunalala wanne chumbani, na jambo hili sitaki lisikike. Gilbert amekubali kubeba barua kwenye lori lake kila anapoteremka Jeddah. Ataziacha kwa Jerusha, mtaa wa Ghulail, unakopumzika siku zako za Ijumaa.

Jambo lenyewe ni kwamba Bosi amenikabidhi miti yake.

Unajua kazi yangu ni ankara za vigae. Lakini mtunza bustani amerudi kwao India, na Bosi, ambaye kifua chake hakistahimili baridi ya Riyadh, amehamia nyumba yake ya Jeddah mpaka Ramadhani ikaribie. Alinipandisha juu ya paa la ofisi akaniambia ananichagua mimi kwa sababu sijawahi kukosea ankara hata moja. Sikuthubutu kumwambia kwamba sikosei kwa sababu naogopa.

Miti hii inaitwa bonsai. Imepandwa katika vyungu vipana ambavyo kina chake hakizidi bakuli la uji. Nilidhani ni miche. Kumbe ni miti mizee, iliyozuiwa isirefuke kwa kupunguzwa mizizi na kufungwa waya mwaka baada ya mwaka. Uko mkomamanga uliopukutisha majani yote. Nilipouona nilitaka kulia, lakini Bosi alisema umelala tu.

Na uko mmoja ambao sijui nikueleze vipi. Bosi anauita araari. Aliung'oa kwenye milima ya Taif alipokuwa kijana, akiwa na babake, ukiwa umebanwa katika ufa wa mwamba. Anasema hata siku ile ulikuwa umemzidi babake umri. Kimo chake ni cha paka aliyeketi. Shina limejisokota kama nguo inayokamuliwa. Niliinama mpaka jicho langu likawa sawa na udongo, nikautazama kutoka chini, na kwa muda sikujua nilipo. Sikuona kitu kidogo, Shangazi. Nilijiona mdogo mimi.

Maagizo yalikuwa machache. Nivishushe vyungu kwenye kona isiyopigwa na upepo, nivifukie mpaka ukingoni katika mchanga uliomwagwa pale juu, nivizungushie magunia. Nimwagilie asubuhi, kamwe si jioni. “Linda mizizi,” alisema. “Majani yanaijua baridi.” Kisha akaugusa ule mkongwe kwa kidole kimoja, kama mtu anayemuaga mgonjwa, akashuka ngazi.

Hakusema nini kitanipata ukifa. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inafanywa upya Machi, na sahihi ni yake. Asubuhi hizi mtu tayari anaiona pumzi yake mwenyewe.

Nishauri.

Nahashon


Jeddah, Ijumaa, 6 Desemba 2024

Baba,

Mama yako hapendi nikikuita hivyo, anasema nakuzeesha. Lakini jina ulilorithi ni la baba yangu, basi utavumilia.

Mimi mzima. Huku bado ni jasho. Madam amepata wageni kutoka Madina na nimekaanga mpaka nywele zangu zinanuka mafuta. Jerusha anakusalimu na kuuliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa mti, tena mkongwe.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Wewe ndiye yule mtoto aliyekuwa akitumwa dukani anarudi katikati ya njia kuuliza tena kama ni chumvi au sukari. Sasa umeachiwa kitu kilichomzidi babu wa mtu umri.

Sikia. Huyo Bosi wako amekimbilia Jeddah kutafuta joto, halafu anasema majani yanaijua baridi. Mbona kifua chake hakiijui? Wewe umezaliwa Kinangop. Unaijua sakitu, ule umande unaoganda usiku. Umeona viazi vilivyolala kijani vikaamka vyeusi kana kwamba moto umepita juu yake. Nyanya yako alifanya nini sakitu ilipokaribia? Aliingiza viazi vya mbegu jikoni, akaingiza vifaranga, akaingiza na yule mwana-kondoo kiguru, vyote vikalala karibu na mafiga. Kuna kilichokufa? Baridi ikizidi, ingiza huo mti ndani. Nani atakuona?

Swali la mama yako nimeliona. Karatasi inaniishia, nitalijibu siku nyingine.

Shangazi yako,
Lydia

Nilikuwa nimesahau: geuza ukurasa. Nimekuchorea sweta ninalokufumia, rangi ya majani ya chai, na shingo ya kukunja ili usiugue koo. Gilbert ataleta kabla ya Krismasi. Mikono nimeifanya mirefu kwa makusudi. Ikunje unapoandika ankara, iteremshe unapokuwa huko juu ya paa. Na uniambie ule mti unanukaje.


Riyadh, Jumamosi, 4 Januari 2025

Shangazi Lydia,

Heri ya mwaka mpya, kwako na kwa Jerusha. Sweta limefika. Nimelivaa sasa hivi. Krismasi nilikula wali na Gilbert ndani ya lori lake, tukaimba kwa sauti ya chini. Mama anakushukuru kwa picha uliyomtumia. Mtoto wa Maureen anakohoa kidogo.

Siku chache kabla ya Krismasi nilipanda juu ya paa jua likichomoza, nikakuta maji ya ndoo yamefunga ngozi ya barafu, nyembamba kama kioo cha saa. Niliitoboa kwa kidole. Magunia yalikuwa yameganda na kuwa magumu kama mbao. Nikakumbuka shamba letu lile la chini, mwaka ule sakitu ilipoua viazi na baba akasimama ukingoni mpaka saa ya chai. Moyo ulinishinda. Niliufukua ule mkongwe na chungu chake, nikaushusha kifuani kama mtoto, nikauweka katika chumba cha mafaili. Kuna hita mle, na ufunguo ninao mimi peke yangu.

Umeniuliza unanukaje. Huko nje haukuwa na harufu. Lakini chumba kilipopata joto nilifungua mlango asubuhi nikasimama pale pale, faili mkononi. Kilikuwa kimejaa harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Nikavuta tena, nikaona ua wetu wa mbele siku ulipowekwa nguzo mpya.

Ni mtarakwa, Shangazi.

Nimeutazama vizuri, magamba ya majani, gome linalochanika kama nyuzi, tunda dogo la buluu. Ni mtarakwa kama ule wa ng'ambo ya mto, ambao watoto watano tulishikana mikono tukashindwa kuuzunguka. Mmoja alipewa mlima mzima akanyoosha mikono. Huyu alipewa ufa wa jiwe, na baadaye sinia la udongo. Na bado hakuna alichopunguza: shina analo, kivuli anacho, hata harufu ni ile ile. Nimekaa naye kwenye chumba cha mafaili nikashindwa kuandika ankara. Nilikuwa nikinong'ona kama mtu aliye kanisani.

Kuna jambo dogo. Upande unaoelekea hita, majani yamebadilika rangi. Yamekuwa kama majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, na yakiguswa yanadondoka. Nimeongeza maji. Nimepandisha hita kidogo.

Bosi hupiga simu kila Alhamisi. Nimemwambia miti yote iko salama. Nilipokata simu vidole vyangu vilikuwa baridi, na hita iko hatua moja kutoka mezani kwangu.

Nahashon


Jeddah, Ijumaa, 17 Januari 2025

Baba,

Salamu zitangoja leo. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu lori la Gilbert liliharibikia Taif, huko huko kwa kina mti wako.

Utoe nje.

Tumekuwa wajinga wawili. Jibu uliliandika mwenyewe kisha ukapandisha hita. Ni mtarakwa! Ule wa ng'ambo ya mto nani aliwahi kuuingiza jikoni? Sakitu imeuangukia kila mwaka tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na unaamka ukiwa umesimama. Nilikupa dawa ya viazi kwa mti wa mlimani. Kiazi kinaogopa baridi. Huo umelelewa nayo, na hewa ya moto ndiyo inayouua.

Usiutoe kwa pupa lakini. Ulaze kwanza pale ngazini, penye dirisha na pasipo moto, siku kadhaa. Halafu urudishe mchangani na magunia yake, kama ulivyoagizwa.

Na umwambie huyo Bosi kabla hajauona kwa macho yake. Sema ni mimi niliyekushauri. Ikama yangu haiko mkononi mwake.

Mama yako amekuuliza tena lile swali? Mwambie Gilbert alichelewa.

Lydia


Riyadh, Jumamosi, 8 Februari 2025

Shangazi Lydia,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Mama ameanza kutembea bila fimbo. Mtoto amepona kikohozi, na Maureen anasema amefanana nawe paji la uso, hasa akikasirika.

Nilifanya ulivyosema. Niliulaza ngazini, kisha nikaurudisha kwenye kona yake, nikaufukia chungu, nikafunga magunia. Upande wa kushoto tawi zima limekauka, lile kubwa la chini linalotangulia mbele kama mkono. Mengine ni kijani hafifu. Sijui kama huo ni uhai au ni rangi tu iliyosahau kuondoka.

Alhamisi iliyofuata Bosi alipiga simu. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa Kiarabu, kwa mpangilio mzuri, nikayasahau yote. Nilimwambia niliogopa, nikauingiza ndani kwenye hita, na tawi limekufa. Nilimwambia pia kwamba wiki zilizopita sikumwambia kweli. Nilisikia kikohozi chake, na mahali fulani nyuma yake mawimbi. Halafu akasema, “Nimesikia.” Akakata. Tangu siku hiyo hajapiga. Mhasibu hanitazami machoni, au labda ni mimi nisiyemtazama.

Lakini lazima nikueleze la jana. Baridi ilikuwa imerudi, kali kuliko ya Desemba. Nilipanda alfajiri mikono ya sweta ikiwa imenifunika vidole. Sakitu ilikuwa imeangukia kila kitu: magunia, mchanga, waya wa antena. Na ilikuwa imeuangukia mtarakwa, kila gamba la jani limevishwa mpaka mti wote ukawa mweupe. Niliogopa kupumua karibu nao. Halafu jua likapita juu ya ukuta. Ncha ya juu ndiyo iliyolipata kwanza, ikalowa, ikang'aa, na kijani kikateremka kutoka tawi hadi tawi kadiri jua lilivyoshuka, taratibu, kama mtu anayevua shuka. Kilipofika udongoni mti ulikuwa umesimama ukidondosha maji, na haukuwa na habari na mimi. Nilijikuta nimevua kofia.

Sijui kama utapona. Sijui kama nitakuwa hapa kuuona. Lakini nimeliona hilo.

Hujajibu kuhusu Aprili. Sikuulizi tena. Nakuambia tu kwamba Mama amefua blanketi la kitanda chako.

Nahashon


Riyadh, Jumapili, 2 Machi 2025

Shangazi Lydia,

Sijapata barua yako. Gilbert anasema Jerusha hajakuona Ghulail Ijumaa tatu mfululizo, na kwamba ulituma neno kuwa wewe ni mzima, basi. Naandika hivyo hivyo. Ukiwa mgonjwa, mwambie Jerusha aniambie. Huku nyumbani wote wazima.

Bosi alirudi wiki iliyopita, Ramadhani ikiwa mlangoni. Hakuingia ofisini kwake. Alipita meza zetu moja kwa moja akapanda ngazi, akipumzika kila kituo, nami nikamfuata nyuma maana hakuna aliyeniambia nisimfuate. Mkomamanga ulikuwa umetoa vichipukizi vyekundu. Hakuutazama.

Alipiga magoti mbele ya araari, akafungua magunia mwenyewe. Akapitisha kidole juu ya kila tawi, akakwaruza gome kwa ukucha, hapa na pale, na kila alipokwaruza palikuwa na kijani. Alipofika tawi la kushoto hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimekwisha kupanga sanduku langu kichwani.

“Nani alikufundisha kuulaza mti ndani?”

Uliniruhusu, basi nilimwambia: shangazi yangu.

“Yuko wapi?”

“Jeddah.”

Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshike kiwiko. Akasema watu wa Jeddah wanajua nini kuhusu baridi, hata yeye huwakimbilia kwa sababu hiyo. Halafu kicheko kikaisha. Alisema amekaa siku nyingi bila kupiga simu kwa sababu hakujua kama angeweza kusema nami bila kunitukana, na babake alikuwa amemkataza kutukana watu kwa ajili ya mti huu, maana babake mwenyewe, mwaka wa kwanza, nusura auue kwa maji.

Alitoa kisu kidogo mfukoni akanipa. Nilidhani anataka nilikate lile tawi. Nikauliza nilikatie wapi.

“Usikate,” alisema. “Bambua.”

Alinionyesha. Nilianza kwenye ncha nikashuka, gome likitoka kwa nyuzi ndefu, na chini yake mti ukatokea, mwekundu kidogo na laini kama mfupa. Harufu ilipanda. Nilifika pale tawi linapoungana na shina, na pale kisu kikakutana na unyevu, akanishika mkono: hapo ndipo uhai unapoanzia, tusipite. Anasema jua litalifanya jeupe. Halitaoza, mti wa aina hii hauozi upesi. Litabaki hapo, tawi jeupe mbele ya kijani, na baada ya miaka mtu atalitazama na kudhani ni radi ya milimani iliyolipiga. Alinionyesha kwenye shina mahali pengine peupe ambapo siku zote nilidhani ni umbo lake tu. Hapo palikauka kiangazi cha mwaka ambao babake alifariki na hakuna aliyekumbuka kuumwagilia.

Nilikuwa nimeyatazama majeraha yake tangu Novemba, Shangazi, nikiyaona ndiyo uzuri wake.

Tulipokuwa tukishuka nilijikaza nikamuuliza kuhusu ikama. Alinitazama kama niliyeuliza kama kesho kuna jua. Akasema majira ya baridi yajayo atakwenda Jeddah tena, na mimi nitakuwa hapa, basi kwa nini namuuliza swali la mtu anayeondoka.

Nyuzi za gome na vibanzi vya tawi nilivikusanya. Nimevifunga ndani ya nailoni, nimempa Gilbert. Usivifungulie jikoni.

Nahashon


Jeddah, Ijumaa, 21 Machi 2025

Baba,

Sikuwa mgonjwa. Usimsumbue Jerusha. Ijumaa zile Madam aliniruhusu kutoka nami nikakataa, nikasema nina nguo za kunyoosha. Nilijua barua yako iko Ghulail na kwamba ndani yake kuna Aprili.

Ulisema nisifungulie jikoni. Ni Ramadhani, hapa hakuna mahali pasipo jikoni. Sambusa zinakaangwa tangu alasiri. Nilipanda na nailoni yako kule juu tunakoanika nguo. Nikaifungua katikati ya mashuka.

Baba, ile ni harufu ya koti la baba yangu. Lile la kazi, alilokuwa akilitundika nyuma ya mlango akitoka kupasua nguzo za mtarakwa, na mama akamwambia lilale nje, naye akakataa. Nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nakumbuka sauti yake na viatu vyake, na nikadhani hiyo inatosha. Nilikaa chini ya shuka la Madam linalodondosha maji na sijui nilikaa kwa muda gani. Alipaza sauti kuniita. Nikashuka na nguo zikiwa bado mbichi.

Sasa nakujibu, na umsomee mama yako. Sikuogopa safari. Nilikuwa naogopa kusimama mahali ambapo kila mtu anakumbuka alivyozikwa, nani alilia, nani alishika udongo kwanza, na mimi peke yangu, niliyekuwa huku, sina cha kukumbuka. Watu wangenionyesha kaburi kama wanavyomwonyesha mgeni.

Nimemwambia Madam baada ya Idi naondoka. Alisema mafi, haiwezekani, wageni wanakuja. Nikamwambia halas, yamekwisha. Nadhani ni mara ya kwanza neno hilo limetoka upande wangu. Leo asubuhi amenipa mwenyewe pasipoti yangu, bila kuniuliza zaidi, pamoja na tende za kumpelekea mama yako.

Mwambie asianze kuweka jiwe kabla sijafika. Nguzo alizopasua zimezunguka mashamba ya watu wote pale kijijini, lakini juu ya kaburi lake hakuna hata kibanzi. Nyuzi za gome nimejibakizia. Vibanzi nitaviweka chini ya jiwe la kwanza.

Bosi wako umwambie tawi lake limekwenda mlimani. Si mlima wake, lakini nako sakitu inaanguka.

Lydia